Mashimo ya Wasirikwa yanafukiwa kwa trekta, na ofisi inayohusika yasema "ni mashimo tu"

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki iliyopita, katika kilima kilicho nyuma ya kijiji chetu hapa Uasin Gishu, trekta lilifukia mashimo matatu kati ya saba ya Wasirikwa, na mawe ya kuta zake yakapakiwa kwenye lori yakamwagwe barabarani kuzuia matope. Nilipokwenda kulalamika katika ofisi inayohusika, afisa alinijibu, bila hata kuinua kichwa, kwamba pale hapakuwa na jengo lolote, ni mashimo tu.

Yale ni mazizi. Wasirikwa, wafugaji walioishi katika nyanda hizi za juu, tangu takriban mwaka 1200 hadi karne ya 18, walichimba ubavu wa kilima wakapata mfano wa bakuli lenye upana wa mita 10 hadi 20, wakaacha mlango mmoja upande wa mteremko, na humo wakalaza ng'ombe wao kila usiku ili wezi wasiweze kuwaswaga kwa urahisi. Nyumba zilijengwa nje ya ukingo, lakini mlango wake ulifungukia zizini, hivyo hakuna aliyeweza kumfikia mwenye nyumba bila kupita kwanza katikati ya mifugo. Na ile tuta iliyo mbele ya lango, ambayo dereva aliisukuma kabla ya kitu kingine chochote, ni samadi na matope yaliyozolewa kutoka zizini miaka nenda miaka rudi, tabaka juu ya tabaka, pamoja na mifupa na vigae vya vyungu. Tabaka hizo zikishavurugwa, hakuna mtaalamu awezaye kuzipanga upya.

Zamani hata watafiti walidhani kwamba watu ndio waliolala mashimoni, mpaka uchimbaji wa John Sutton katika miaka ya 1960 ulipoonyesha kwamba walikuwa ng'ombe. Kwa hiyo jambo hili si geni. Kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937, mashimo kama haya yanatunzwa na wanafunzi hupelekwa kuyaona. Yetu yamekosa nini?

Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua mahali pa kale atoe taarifa. Mimi nilitoa taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla ya trekta kuja, na nakala yenye muhuri ninayo. Hakuna aliyefika.

Yamebaki manne, na kazi itaendelea Jumatatu. Mwenye shamba, ambaye amenisikiliza kwa heshima kuliko ofisi ile, amekubali yapimwe na kupigwa picha kabla ya siku hiyo. Aliye na njia ya kuwafikia wataalamu wa mambo ya kale na awaambie leo. Nitawapokea barabarani na kuwaongoza mimi mwenyewe.