Wajukuu wa Muheza 🌴

Mwanaidi 06:12
Assalam aleykum. Majibu ya Baba Mdogo: makohozi yana TB. Dawa kaanza juzi, miezi 6. Wote mliolala nyumba kubwa siku za arobaini mnatakiwa kupima. Jumatatu saa 2 asubuhi, zahanati. Naomba majina.

Mwanaidi 07:40
Tiki za bluu 11. Majina hakuna.

Athumani 09:03
Mimi sikohoi. Labda nipimwe njaa 😂

Salma 09:04
😂😂 njaa ipi, sahani 4 za pilau zile

Mwanaidi 09:10
Athumani, kutokohoa si hoja. Mdudu wa TB akifika mapafuni anamezwa na seli za ulinzi, makrofaji. Kwa kawaida zikishameza zinammwagia vimeng'enya, zinamyeyusha. Huyu anazuia vimeng'enya visimfikie, anakaa mumo humo tumboni mwa askari na anazaana, polepole, karibu mara 1 kwa siku. Zinapita wiki kadhaa ndipo seli T, askari wengine wa kinga, zinakuja kuongeza nguvu. Wanamzingira, wanamjengea kifundo. Amefungwa, hajafa! Anaweza kukaa humo miaka. Karibu robo ya watu duniani wanaye, wengi hawaumwi.

Salma 09:15
Kumbe mwizi kapanga chumba kwa polisi

Mwanaidi 09:17
Ndiyo. Askari wakidhoofika kifundo kinapasuka, hapo unakohoa na kuambukiza. Sukari inadhoofisha, VVU, lishe mbaya, uzee. Shangazi Zuhura, una sukari, nakuomba. Na wewe Salma, mtoto ana miaka 3, kinga bado changa. Hata akikutwa hana ugonjwa, ana dawa zake za kuzuia.

Salma 09:20
Si alichanjwa BCG? Kovu lipo.

Mwanaidi 09:21
BCG inamkinga na TB kali za utotoni, kama ya ubongo. Haimzibi mdudu mlango. Mlete.

Athumani 09:30
Baba Mdogo anasema mkojo umekuwa juisi ya karoti 😂

Mwanaidi 09:31
Ni rifampisini, moja ya dawa zake za TB, ndivyo ilivyo. MAJINA.

Shangazi Zuhura 13:20
Leo mnajua kupima. Kaka Omari alikohoa mwaka mzima, mkampeleka kwa mganga. Niliposema hospitali nikaambiwa nawahi urithi. Sijasahau.

Hamisi Muscat 15:02
Shangazi, tusirudi huko. Mimi kifua kilipigwa picha kabla ya viza. Nauli nachangia.

Athumani 15:03
Na tende

Mwanaidi 15:05
Athumani!! Hamisi, nauli ya wangapi?

Bibi 18:44
🎤 0:48

Salma 18:50
Kwa msiofungua sauti, Bibi anasema: "Omari nilimficha mimi. Niliona haya. Zuhura alisema kweli. Jumatatu nitatangulia mimi kutema kwenye kikopo. Na sahani ya huyu mwanangu mgonjwa mliyoitenga, irudisheni kabatini."

Shangazi Zuhura 19:32
Nimesikia, Mama. Nitakuja.

Athumani 19:33
Niandike.

Mwanaidi 19:40
Shikamoo Bibi. Sahani haiambukizi, ni hewa, fungueni madirisha. Mpaka sasa: Bibi, Shangazi, Athumani, Salma na mtoto. Wamebaki 7. Makohozi yatoke kifuani, si mate. Hamisi, nauli?

Rashidi 22:51
Ndiyo naona sasa. Jumatatu hii au ijayo? Niko zamu Korogwe.