Mgongo usiopona: ukiacha vidonge, nini kilikusaidia? Tupeane uzoefu

Kiuno_Chuma: Wakuu, leo nimemwona mtu anavaa soksi huku amelala chali, nikajua huyu ni mwenzetu. Mimi mgongo umenikamata miaka sasa, na vidonge vimeanza kunichoma tumbo. Nauliza hizi tiba za pembeni: kuchuliwa, sindano za Kichina (zile nyembamba zisizo na dawa), chuku, yoga, kunyooshwa. Aliyepitia aseme, za kusikia tuziache.

Bi_Mkubwa: Nipo. Mimi hata chafya lazima nishike ukuta kwanza.

Mzee_wa_Chuku: Piga chuku, ndugu. Nilitoka na miduara mgongoni kama ile ya mwogeleaji Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio 2016, na usiku ule nililala fofofo. Inatoa damu chafu.

Hoja_Kwanza: Damu chafu ipi? Figo na ini zinafanya kazi gani basi? Ile miduara ni damu imevilia chini ya ngozi. Umepata nafuu, hongera, ila usitutungie.

Mzee_wa_Chuku: Umewahi kupigwa? Kama bado, kaa pembeni.

Dada_Zuhura: Mimi sindano. Haziumi mnavyodhani, unasikia uzito unatambaa kuelekea pajani, kisha unasinzia. Nafuu ilikuja taratibu, wala haikuwa muujiza.

Hoja_Kwanza: Dada, Wajerumani walizipima, matokeo yakatoka 2007. Waliochomwa sindano za kweli, asilimia 47.6 walipata nafuu. Waliochomwa za kuzuga, juujuu na sehemu zisizohusika, 44.2. Tiba ya kawaida, yaani dawa na mazoezi, 27.4.

Dada_Zuhura: Kwa hiyo hata za kuzuga zimewapita wa vidonge? Basi nichomeni za kuzuga!

Mguu_Ganzi: Hapo kwenye kunyooshwa mmenikumbusha mbali. Shemeji alinipeleka kwa mnyoosha mifupa anayesifiwa sana. Hakuniuliza swali, picha hakutaka hata kuziona. Akanilaza kwenye godoro jembamba, mkono mmoja begani, mwingine nyongani, akanipinda. Ikalia kwa! Waliokuwa wanasubiri zamu wakashangilia. Akaongeza goti kiunoni. Nikasikia kama umeme umeshuka miguu yote miwili. Akasema, "Ndiyo unatoka huo."

Usiku nikaenda chooni. Nimebanwa vibaya, mkojo hautoki. Kujifuta, karatasi siisikii. Sehemu yote inayogusa kiti cha baiskeli, ganzi. Narudi chumbani, unyayo wa kulia unaburuza. Shemeji kupigiwa simu anasema mgongo unajirudi, nivumilie mpaka asubuhi. Mke wangu akamkatia simu, akatafuta funguo za gari.

Hospitali daktari akanipitisha pamba mapajani kwa nyuma, akawa ananiuliza unasikia, unasikia. Mwisho akaacha kuuliza, akatoka mbio. Diski ilikuwa imepasuka na kuibana mishipa ya fahamu kule chini ya uti. Nikapasuliwa kabla hakujakucha. Mkojo ulirudi polepole, kidole gumba cha mguu mpaka leo hakinyanyuki sawasawa.

Bi_Mkubwa: Yesu na Maria! Pole sana kaka. Huyo shemeji bado mnasalimiana?

Mguu_Ganzi: Gari lenyewe lilikuwa lake. Sasa nimfanyeje? Na bado anadai nilijikaza.

Mzee_wa_Chuku: Kwenye chuku hayo hayatokei.

Hoja_Kwanza: Mzee, mwenzio nusura apooze, wewe unatangaza biashara?

Nesi_Mstaafu: Wanangu, ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, miguu kuishiwa nguvu: hiyo ni dharura, hakuna kungoja asubuhi. Mgongo unaoambatana na homa, au kukonda bila sababu, nao usiupeleke kwa mchuaji kwanza. Ila tusitupe vyote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, kwa kiuno sugu kisichojulikana chanzo, umekubali mazoezi, kuchuliwa, sindano, hata kunyooshwa, lakini na aliyesomea.

Kiuno_Chuma: Shikamoo mama. Sasa picha yangu inasema diski imechomoza, nikichuliwa si nitaiharibu zaidi?

Nesi_Mstaafu: Marahaba. Kuchomoza peke yake kusikutishe, wengi wa umri wa makamo wanayo na hawaumwi popote. Mwonyeshe anayekutibu, na mguu ukianza ganzi acha mara moja. Kulala kitandani siku nzima ndiyo mbaya zaidi.

Dada_Zuhura: Yoga nayo chagua. Ya kuinama mbele niliiruka, ya kupiga magoti na kunyoosha mikono mbele ndiyo ilinikubali.

Fundi_Mkanda: Mnazunguka bure. Vaa mkanda wa kiuno, kaza, maisha yaendelee.

Nesi_Mstaafu: Mwongozo huohuo umeukataa mkanda, mwanangu. Na kuvutwa uti kwa mashine pia.

Fundi_Mkanda: Mimi nalala nao kabisa! Kwa hiyo niuuze?

Bi_Mkubwa: Weka picha tuone saizi.