Mjadala: Ufukwe ukielemewa na watalii, ufungwe au uachwe?

MLETA MADA

Wadau, swali hili nalileta nikiwa na msimamo tayari, na nausema mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Idadi ya wageni iwekewe ukomo wakati ufukwe bado umetulia, kabla hoteli kubwa ya kwanza haijachimba msingi. Mkingoja uharibike, kitakachobaki mkononi ni kufuli.

Kufuli lenyewe tumeshaliona likitumika. Mwaka 2018 serikali ya Ufilipino ilikifunga kisiwa cha Boracay kwa miezi sita, kuanzia Aprili 26. Kisiwa chote ni kama kilometa 10 za mraba, na mwaka 2017 kilipokea wageni wapatao milioni 2. Maji taka yalikuwa yakiingia kwenye bahari ileile wanayoogelea watu, majengo yamesogea hadi mchangani, na Rais Rodrigo Duterte akakiita shimo la maji machafu. Juni mwaka huohuo Thailand nayo ikaifunga ghuba ya Maya, iliyopata umaarufu baada ya filamu moja ya Hollywood kupigwa pale na kutoka mwaka 2000. Ni kijifukwe cha kutembea dakika chache ukakimaliza, lakini kuna siku walifika watu 5,000.

Ili tuelewane uharibifu unavyotokea, tazameni nanga moja tu. Boti inaingia kwenye maji ya kina kifupi, kijana anatupa nanga, inatua juu ya tumbawe. Upepo unageuka, boti inazunguka, mnyororo unafagia chini kama panga kwenye majani. Baada ya saa moja boti inaondoka na kuacha duara la vipande vyeupe. Matumbawe yale makubwa ya mviringo hukua sentimita moja hivi kwa mwaka, mengine hata hiyo hayafikishi. Kabla maji hayajatulia, boti nyingine inaingia na kutupa nanga palepale.

Na hakuna aliyekaa akaamua kuharibu. Mwanajiografia Richard Butler alizieleza hatua zake mwaka 1980, na bado zinajirudia. Mwanzo wanakuja wageni wachache wenye mabegi mgongoni, wanalala kwenye chumba cha mvuvi. Mvuvi anaongeza vyumba viwili. Barabara inatiwa lami, unajengwa uwanja wa ndege, kampuni za mbali zinanunua viwanja vya mbele. Mwishowe ufukwe unachoka, wenye pesa wanahamia kwingine, na wengine wanavutwa kwa kushushiwa bei. Kila aliyeongeza chumba alikuwa na sababu njema. Ndiyo maana nasema mapema: siku ambayo bado hakuna mwenye mkopo wa benki wa vyumba 300, kusema "vyumba visizidi hivi" hakumfilisi mtu.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Kaka, nimekusoma hadi mwisho, na kuna mahali umenigusa pabaya. Mimi nimefua mashuka ya hoteli miaka saba. Ufukweni kwenyewe nilikuwa nafika siku ya mapumziko tu, tena kwa mlango wa nyuma. Lakini mashuka yale yamewasomesha wadogo zangu wawili. Ukitaja utulivu, mimi nawakumbuka vijana waliokuwa wakiondoka kwenda kutafuta vibarua mbali kwa sababu samaki hawakutosha. Aliyekuwa akiufaidi utulivu ule ni mgeni wa wiki mbili.

Chukua Benidorm, kule Hispania. Kilikuwa kijiji cha wavuvi wa jodari. Mwaka 1956, chini ya meya Pedro Zaragoza, wakapitisha mpango wa mji, na leo pale ni msitu wa maghorofa. Watu wanaucheka mji ule. Lakini ghorofa moja refu linalaza watu ambao wangetapakaa pwani nzima kwenye majumba yenye bustani na bwawa kila moja. Wakikaa pamoja mabomba yanakuwa mafupi, na mgeni anakwenda kuogelea kwa miguu yake. Wingi wa watu peke yake sijauona kosa lake.

Na hiyo Boracay unayoitaja, mwenye hoteli alikaa akingoja. Mwendesha boti, msusi, mkandaji, mfua nguo kama mimi, hawa hawakuwa na akiba ya kungojea miezi sita. Kabla hujaniambia ufukwe upumzike, niambie mimi nitakula nini ukipumzika.

MCHANGIAJI WA PILI

Nyote mnahesabu vichwa. Mimi nauliza njia.

Nimeiona njia ya wavuvi ikifa polepole. Mwanzo liliwekwa geti lisilofungwa. Kisha akaja mlinzi anayesalimia. Akafuata mlinzi anayeuliza unakwenda wapi. Kisha ukuta. Mitumbwi ikabaki upande mmoja na bahari upande wa pili.

Hispania ina sheria ya pwani ya mwaka 1988 inayoufanya ufukwe kuwa mali ya umma. Jamaika wanatumia sheria ya mwaka 1956 isiyompa mwananchi haki ya jumla ya kuingia ufukweni, na hadi leo watu wanaandamana na kwenda mahakamani kudai kuoga kwenye bahari ya nchi yao. Kwa hiyo mleta mada, ukomo wako bila haki ya njia utaugeuza ufukwe kuwa wa matajiri wachache. Maji yatakuwa safi, ndiyo, na mvuvi atayaangalia kutoka barabarani.

MLETA MADA

Ndugu yangu wa njia, hapo umenishinda na nakubali. Haki ya kupita iandikwe kwanza, ndipo tuhesabu vitanda.

Dada, wewe nakujibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu swali lako ndilo zito. Ukomo wa mapema naudai kwa ajili ya mtu kama wewe. Boracay ilipofunguliwa tena Oktoba 2018 iliwekewa kikomo: wageni wasizidi 19,215 kwa wakati mmoja, wala wanaoingia wasizidi 6,405 kwa siku. Pasaka ya mwaka 2022 idadi hiyo ikavukwa. Ndivyo ilivyo unapoweka kikomo wakati vitanda vimeshajengwa: kila kitanda kina mwenyewe anayetaka kilale mtu, na sikukuu ikifika namba inabaki kwenye karatasi.

Maya imekwenda vizuri zaidi, na nadhani ni kwa sababu pale iko ndani ya hifadhi na hakuna hoteli ya kupigania nafasi. Ilifunguliwa Januari 2022. Boti haziingii tena ghubani, zinashusha watu nyuma ya kisiwa na wanavuka kwa miguu. Kuogelea ni marufuku, na kila mwaka Agosti na Septemba panafungwa. Papa wadogo wa ncha nyeusi wamerudi kwenye maji ya kina kifupi, kwa makundi. Wafanyakazi wanaijua miezi hiyo miwili mapema na wanaipangia. Kufungwa ghafla ndiko kunakoua, na hakuji ila mahali ambapo watu waliachia mambo miaka mingi.

Kuhusu Benidorm, mpango nausifu pamoja nawe. Ila mpango usiosikiliza bahari nao una gharama zake. Cancún ilichorwa na serikali ya Meksiko mahali palipokuwa karibu patupu, hoteli za kwanza zikafunguliwa mwaka 1974. Zikapangwa juu ya ukanda wa mchanga, palepale ambapo vilima vya mchanga vingeulinda ufukwe. Oktoba 2005 kimbunga Wilma kikaukomba mchanga, na tangu hapo wamelazimika kuuvuta kutoka chini ya bahari na kuumwaga upya. Tena si mara moja.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Sawa kaka, hiyo ya kupanga miezi naweza kuishi nayo. Nikiambiwa Januari kwamba Agosti hakuna kazi, nitajua la kufanya.

Limebaki moja. Siku mtakayokaa kuhesabu vitanda, msihesabu vya wageni tu. Kule tulikolala sisi tulikuwa wanne chumba kimoja nyuma ya jiko, choo kimoja kwa watu zaidi ya ishirini, na maji yetu yalikuwa yanakwenda baharini kama ya wengine. Kwenye ukomo wako sisi tumo?

MLETA MADA

Mmo, dada. Boracay walipoweka ukomo wao walihesabu wote: jumla isizidi karibu watu 55,000, wengi wao wakiwa wakazi na wafanyakazi. Mimi kwenye mada yangu ya juu sikuwaandika. Nawaandika sasa.