Mita 60 za Mto Msimbazi: sheria inaulinda mto au inawalinda watu?

Kando ya Mto (mleta mada)

Wadau, habari za jioni. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufuko wa bahari au mwambao wa ziwa, shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi wa maeneo hayo. Ninaposoma maneno hayo naona kwamba kinacholindwa ni mto. Hata hivyo, tangu bomoabomoa ya Desemba 2015 katika bonde la Msimbazi, hapa Dar es Salaam, jibu ninalolisikia kila mara ni kwamba nyumba ziliondolewa ili kuokoa maisha ya wakazi.

Kama kinacholindwa ni mto, gereji na kiwanda havina nafuu yoyote mbele ya nyumba ya kulala. Kama kinacholindwa ni uhai wa watu, basi nyumba iliyo mita 90 kutoka mtoni lakini imekaa bondeni ingepaswa kuondoka kabla ya banda lisilolala mtu lililo mita 50. Naomba tujadili: tuisome sheria hii kwa kusudi lipi?

Mpima Mstaafu

Nimepima viwanja katika jiji hili kwa miaka 31, na naona mleta mada amekitenganisha kitu kimoja akakifanya viwili. Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini penye daraja la Selander, na njiani hupokea maji ya mitaa ambayo karibu yote siku hizi ni mabati na saruji. Mto wa namna hiyo lazima utanuke wakati wa masika. Anayejaza kifusi ukingoni ili ainue msingi wa nyumba yake hayafukuzi maji, bali huyahamishia kwa jirani wa ng'ambo. Kwa hiyo kuuachia mto nafasi yake na kumnusuru mkazi ni tendo moja, wala sheria haina haja ya kuchagua.

Tatizo letu halijawahi kuwa tafsiri, ni tabia. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, nao wakaviuza kabla mahema hayajakunjwa, wakarudi bondeni kungoja mafuriko mengine na viwanja vingine.

Mama Hananasif

Mzee wangu Mpima, shikamoo. Nilikuwa nakusoma kwa heshima mpaka nilipofika kwenye sentensi yako ya mwisho.

Mimi ni mama lishe. Saa kumi na moja alfajiri ninatakiwa niwe Feri nikichagua samaki, na saa moja asubuhi chai iwe imeiva Kariakoo. Ukiwa Hananasif, bondeni kwetu, hayo yanawezekana, lakini ukiwa Mabwepande unaanza safari usiku, unapanda magari matatu, na nauli ya kwenda na kurudi inamaliza faida yote ya sufuria la wali. Kiwanja changu sikukiuza. Dada yangu aliuza chake, na alikiuza kwa sababu mtoto wake alikuwa akitibiwa mjini na yeye alichoka kulala kwenye mabenchi. Hakuna aliyekaa akingoja mafuriko. Mafuriko ya 2011 yalinichukulia kitanda, vyombo na daftari la wateja wanaonidai na ninaowadai, na usiku ule tulikaa juu ya paa tukimshika bibi yetu kwa zamu. Mtu anayesema kwamba tunayapenda maji yale hajawahi kuyasikia yakigonga mlango.

Wakili wa Mtaani

Naomba nirejeshe mjadala kwenye sheria, kwa kuwa mada imeanza na tarehe isiyo kamili. Mita 60 hazikuzaliwa mwaka 2004. Zimo tayari katika kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, kinachoeleza maana ya ardhi hatarishi, yaani ardhi ambayo uendelezaji wake unaweza kuhatarisha maisha au kusababisha uharibifu wa mazingira. Baada ya maneno hayo inafuata orodha: mikoko na matumbawe, maeneo oevu, sehemu za kutupia taka za sumu, na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko. Kwa hiyo mleta mada atakubali kwamba makusudi yote mawili yalikwisha kuandikwa bega kwa bega, yakiunganishwa na neno moja dogo, "au".

Ugumu uko kwingine. Kifungu hichohicho kinaweka utaratibu wa kuitangaza ardhi kuwa hatarishi, ikiwa ni pamoja na kuwapa taarifa wanaoikalia na kusikiliza hoja zao. Je, ardhi iliyo ndani ya mita 60 ni hatarishi yenyewe tu kwa sababu imetajwa kwenye orodha, au inakuwa hatarishi siku inapotangazwa? Mimi ninaelemea upande wa pili, kwa kuwa bunge haliwezi kudhaniwa kuwa liliandika utaratibu usio na kazi. Tena kifungu cha 23 kinaruhusu leseni za makazi kwenye ardhi isiyo hatarishi. Maana yake ni kwamba serikali inapompa mkazi wa bondeni leseni, imetia saini kwamba hapo si hatari. Leo inawezaje kurudi na kopo la rangi nyekundu na kumchorea X ya kubomolewa?

Mpima Mstaafu

Marahaba, mama. Sikukutaja wewe binafsi wala sikuijua habari ya mtoto wa dada yako, ambaye namwombea afya. Hata hivyo, sitaiondoa kauli yangu. Nilikwenda Mabwepande mwenyewe, nikaona viwanja ambavyo waliopewa hawakukaa hata msimu mmoja, na walionunua wakajenga nyumba nzuri ambazo mpaka leo zimekauka. Serikali ikikupa ardhi kavu ukaiuza, huwezi tena kusema kwamba umasikini ndio uliokurudisha majini.

Mama Hananasif

Nyumba iliyokauka isiyo na mlo ni kaburi lenye madirisha, mzee wangu. Na hao walionunua ni akina nani? Kama wewe ulikuwa unapita huko na mkoba wako wa ramani, huenda unawafahamu kuliko mimi.

Abiria wa Mwendokasi

Nimesoma hoja zenu zote nikiwa nimesimama kwenye basi lisilotembea, kwa sababu barabara ya Jangwani imefungwa na maji kwa mara nyingine. Naomba kuuliza jambo dogo. Karakana ya mabasi ya mwendokasi, ambayo huduma zake zilianza mwaka 2016, imejengwa wapi? Imejengwa Jangwani, bondeni kabisa, katika kipindi kilekile ambacho akina mama walikuwa wakiambiwa kwamba bonde halifai kwa shughuli ya kudumu. Labda mabasi si shughuli ya kudumu, maana kila masika huhama yenyewe.

Mwanafunzi wa Mipango Miji

Ndugu Abiria amecheka, lakini amegusa jambo ambalo Mpima analipita. Kanuni za matumizi ya ardhi katika jiji hili tangu mwanzo zilikuwa na kusudi lililoandikwa na jingine lililofanya kazi. Wajerumani walitoa kanuni ya ujenzi ya Dar es Salaam mwaka 1891, na Waingereza baadaye wakaugawa mji katika kanda tatu. Kanuni haikuhitaji kusema kwamba Mwafrika asikae Uzunguni, kwa kuwa ilitosha kueleza aina ya jengo linaloruhusiwa katika kila kanda. Viwanja vya Mnazi Mmoja vikaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo kwa jina la afya na hewa safi. Ukiisoma kanuni utaona vifaa vya ujenzi, na ukiutazama mji utaona rangi za watu. Ndiyo maana ninapoambiwa leo kwamba kusudi ni usalama, ninaangalia kwanza ni nani amehamishwa na ni nani amebaki.

Mpima Mstaafu

Mkoloni aliondoka mwaka 1961, kijana. Mvua haikuwahi kuwa chama chochote, na haiulizi kama nyumba ni ya mchikichi au ya zege. Ninyi mnaosomea mipango siku hizi mnajua kusimulia habari za Wajerumani kuliko kusoma mistari ya mwinuko kwenye ramani.

Mwanafunzi wa Mipango Miji

Mistari ya mwinuko naisoma vizuri, mzee. Ndiyo inayonifanya niulize karakana ilipitaje.

Mkazi wa Kimara

Suala la kusoma sheria kwa kusudi lake sisi wa Barabara ya Morogoro tulilisoma kwa rangi. Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, kisha Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaifanya mita 30. Kwa hiyo aliyekutwa ndani ya zile za zamani alichorewa X nyekundu na kuondoka bila kitu, lakini aliyeguswa na zile zilizoongezwa alichorewa X ya kijani na kutambuliwa kuwa anastahili fidia, kwa sababu sheria ndiyo iliyomfuata yeye. (Kwetu Kimara mambo yalikuja kuwa mengine kabisa mwaka 2017, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine na sitaki kuamsha shinikizo langu la damu.) Sasa aliyejenga Hananasif miaka ya themanini, kabla ya 2004 na hata kabla ya 1999, mbona hakuna aliyemchorea X ya kijani?

Wakili wa Mtaani

Hilo ndilo swali bora la jioni hii. Jibu la upande wa serikali ni kwamba bonde lilikwisha kuhesabiwa kuwa eneo lisilojengwa hata kabla ya sheria hizi. Hata hivyo, angalieni kilichofuata. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, na wakazi waliopisha mradi huo wamelipwa fidia. Bonde ni lilelile na mita ni zilezile. Aliyevunjiwa mwaka 2015 alikuwa mvamizi, na jirani yake aliyebaki kwa bahati akawa mwathirika wa mradi. Sheria ya ardhi haikubadilika kati ya siku hizo mbili. Kilichobadilika ni masharti ya mkopeshaji.

Mama Hananasif

Wakili, umeniliza. Mimi ndiye yule wa kwanza na shoga yangu ndiye yule wa pili. Tulitenganishwa na ukuta mmoja wa tofali za kuchoma. Siku waliponivunjia, msimamizi wao aliniambia kwamba wamemaliza kazi ya siku hiyo, na hawakurudi tena upande wetu.

Kando ya Mto (mleta mada)

Nawashukuru wote. Nilifungua mada kuhusu kusudi la sheria, nikajifunza habari za Mabwepande na mabasi, na silalamiki. Nina swali moja tu kwa Mzee Mpima, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika tepu. Mto huu unajaa mchanga na kuhama, na ukingo wa mwaka huu sio wa mwaka jana. Hizo mita 60 mlikuwa mnaanzia kuzihesabu wapi?

Mpima Mstaafu

Swali la haki. Kitaalamu, ukingo ni pale mto unapofikia ukijaa bila kufurika, na mahali hapo huonekana kwa umbo la ardhi na mimea. Kwa Msimbazi, ambako watu wamechimba mchanga upande mmoja na kumwaga kifusi upande mwingine, alama hizo hazipo tena. Nilipotumwa huko tulianzia maji yalipokuwa siku ile, tukapiga bikoni, yaani alama za mpaka.

Mama Hananasif

Siku ile ilikuwa mwezi gani, mzee wangu?

Mpima Mstaafu

Septemba, mama. Lakini kuhusu Mabwepande sijabadili kauli.