Ile lodji yenye simba wa saruji getini: pasi yangu imegeuzwa picha ya kunitongozea!!!

Wakuu, naandika muda huu nimekaa kitandani, kiti nimekiegemeza mlangoni. Lodji mnaijua, ni hapa Dodoma, simba wa saruji getini. Sitaitaja.

Nimeshuka treni usiku, nimechoka. Kadi ya NIDA bado sijapewa, nina namba tu, nikatoa pasi ya kusafiria. Kaka wa mapokezi kajaza daftari lake: jina, kabila, kazi, natoka wapi, naenda wapi, namba ya simu. Kabila langu na shuka zao vinahusiana nini sijui, lakini hayo tumezoea. Akachomoa simu YAKE MWENYEWE, akawasha flashi, akapiga picha ukurasa wenye sura yangu. Ya nini? "Utaratibu wa ofisi, dada."

Saa tano na nusu usiku meseji inaingia, namba ngeni: "Mambo, umelala? Mie wa mapokezi. Umetoka vizuri kwenye pasi."

UMETOKA VIZURI KWENYE PASI!!!

Ile picha nilipigwa Uhamiaji aione afisa wa mpakani, siyo kaka anayekesha na ufunguo wa akiba wa chumba changu! Simu yake sasa ina namba ya pasi yangu, tarehe niliyozaliwa na mahali nilipozaliwa. Kesho ikikwapuliwa stendi, au akiipeleka kwa fundi, nchi nzima imenijua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lililokusanyiwa tu. Lengo la kunisajili mgeni lilikuwa kuniambia nimetoka vizuri?

Nimeshuka kumwambia aifute nikiona. Kanijibu, "Dada, mbona unakuza mambo?" Mimi nakuza mambo! Saa tano na nusu! Umetoka vizuri kwenye pasi! Meneja hapokei simu.

Mkulima wa Kibaigwa: Pasi ya kulalia Dodoma? Ulikuwa unaunganisha ndege ya Manyoni? 😂😂

Mleta uzi: Mkuu, nimesema kadi sina. Cheka, lakini ungekuwa ni binti yako usingecheka.

Fundi Redio: Dada, piga komeo, kiti peke yake hakitoshi. Ihifadhi hiyo meseji kabla hajaifuta. Asubuhi nenda polisi, halafu peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kumwandikisha mgeni ni kazi yake, kukaa na picha ya pasi kwenye simu yake siyo.

Shemeji wa Taifa: Kosa liko wapi? Kakusifia. Wengine tunalala lodji hata karibu hatuambiwi.

Mama Kuku: @Shemeji wa Taifa wewe ndiye uko mapokezi leo nini?

Mpenda Takwimu: Mnashangaa lodji? Marriott walitangaza mwaka 2018 kwamba wadukuzi wameingia kwenye mfumo wa mahoteli yao ya Starwood. Namba za pasi zaidi ya milioni 5 zilikuwemo zikiwa wazi, hata hazijafichwa kwa msimbo. Na hao ni wenye mahoteli ya kimataifa.

Mkulima wa Kibaigwa: Basi wa simba wa saruji mstaarabu, kachukua moja tu.

Kijana wa Mbagala: Bora wewe umetumiwa meseji peke yako. Mimi nilikopa elfu hamsini kwenye programu ya mikopo, nikachelewa kulipa. Wamemwandikia mchungaji, bosi, mpaka baba mkwe mtarajiwa: "Mwambieni mtu wenu alipe."

Mama Kuku: Baba mkwe kalipa?

Kijana wa Mbagala: Kapandisha mahari.

Shemeji wa Taifa: 😂😂😂 Uzi ufungwe.

Mleta uzi: Jamani, mimi bado niko humu chumbani!

Dereva wa Semi: Hiyo lodji naijua, tatizo lake siyo pasi, ni chai. Chumba elfu arobaini, asubuhi unapewa andazi moja!

Mama Kuku: Andazi? Sisi tulipewa nusu chapati.

Dereva wa Semi: Nusu ya kukata au ya kukunja?

Mama Kuku: Ya kukata. Nusu nyingine niliiona meza ya jirani.

Fundi Redio: Supu je, bado wanatoa?

Dereva wa Semi: Jumapili tu, na uwahi kabla ya saa moja.