Siku tano Milgis, gari moja, watu wawili: tujipange vipi?

Njia_ya_Vumbi
Habari zenu wakuu. Mimi na mke wangu tunapanga kwenda laga ya Milgis, mto wa mchanga usio na maji kiangazi, mwezi wa nane, ule ukanda ulio kati ya milima ya Mathews na Ndoto. Tutashika lami ya Isiolo hadi Laisamis, kisha tukate kuelekea magharibi. Gari ni Hilux ya dizeli, tangi lita 80, tairi 265/70R16. Hatutakuwa na gari la pili. Naomba msaada kuhusu upepo wa tairi, maji ya kubeba, na kama inafaa kuendesha ndani ya laga au tufuate ukingo.

FundiMchanga
Karibu kaskazini. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo zito. Mkiwa na gari moja, ingieni kwenye laga kwa kuvuka tu, msiigeuze barabara. Maji ya Milgis hayatokani na mvua ya hapo mlipo. Yanatoka nyanda za juu za Lorroki, upande wa Maralal, na Maralal hunyesha hata Julai na Agosti. Juu yenu mbingu nyeupe, kumbe huko kumenyesha jioni, na maji yanawafikia usiku mkiwa mmelala.

Kabla ya kuvuka, shukeni mtembee mpaka ng'ambo. Mguu ukizama kupita kifundo, tafuteni pengine. Mchanga ukitikisika kama uji mzito unapoukanyaga kwa nguvu, au maji yakipanda kwenye alama ya kiatu, acheni kabisa: juu pamekauka na chini bado kumelowa, na gari litakaa hapo. Angalieni pia pa kutokea. Mafuriko hukata ukingo ukabaki kama ukuta, kwa hiyo fuateni njia za ngamia na ng'ombe. Wanyama hawapandi ukuta.

Upepo, kwa psi: lami 35 mbele, 38 nyuma kwa mzigo wenu. Njia ya mawe, 28. Mchanga, 16. Mkikwama, 12, na hapo msizidi kilomita 20 kwa saa wala kukata kona kali, tairi litatoka kwenye rimu. Mkitoka mchangani jazeni tena mara moja. Mawe meusi ya volkano hupasua ubavu wa tairi laini, na ubavu hauzibiki kwa plagi. Kompresa ya kuunganisha kwenye betri si anasa.

Mchangani tumieni gia nzito (4L), namba mbili au tatu, mwendo mmoja bila kusita. Ukitaka kusimama, achia mafuta gari lisimame lenyewe. Ukikanyaga breki, kila tairi linajijengea kilima mbele yake, na kuondoka hapo ni kazi.

MamaKambi
Namuunga mkono Fundi. Sasa maji. Hesabu yangu ni lita 8 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa kidogo. Wawili kwa siku tano ni lita 80. Ongezeni 20 za akiba na za rejeta. Madumu matano ya lita 20, yote yafungwe chini kabisa nyuma ya kabini, si juu ya paa. Pipa moja kubwa likitoboka, safari imeisha.

Dizeli: mchangani Hilux yenye mzigo inaweza kula lita 20 kwa kilomita 100. Jazeni Isiolo, na mbebe madumu mawili ya lita 20.

Mtaona visima vimechimbwa ndani ya mchanga. Kila kisima kina wenyewe, familia ya Kisamburu iliyokichimba, na wanaume wanaimba huku wakipokezana ndoo kutoka chini, ng'ombe wanautambua wimbo wao. Msichote bila kuomba, msipige picha bila ruhusa, msitie sabuni karibu. Choo kichimbwe mbali na laga, hatua 100 au zaidi, kwani mchanga huo ndio tangi la maji la watu. Hili naomba sana mlizingatie.

Hema lisikae kwenye mchanga wa laga hata kama ni laini kama godoro. Tazameni vijiti vikavu vilivyonasa kwenye matawi ya miti: hapo ndipo maji yalipofika. Laleni mita tatu juu ya alama hiyo. Msilale karibu na visima wala kwenye njia za tembo, maana usiku huja kunywa. Kuni za gogo kavu zigeuzwe kwa fimbo kwanza, nge hukaa chini yake.

Na pitieni kwa chifu Laisamis, mueleze njia yenu, mchukue kijana wa huko awaongoze. Usalama hubadilika, na wao ndio wanaojua njia ipi wiki hii ina matatizo.

Njia_ya_Vumbi
Asanteni sana, visima sikuvifikiria. Tukikwama wawili tu, tuanzie wapi?

FundiMchanga
Acha mafuta mara tairi linapozunguka bure. Sekunde tano za ubishi zinazamisha difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Shusheni upepo hadi 12, chimbeni mbele ya tairi zote nne na chini ya difu mpaka mwanga upite, tandikeni vibao vya kujikwamulia chini ya tairi, usukani unyooke, gia nzito namba mbili. Anayeelekeza asimame ubavuni, kamwe si mbele wala nyuma. Jeki ikae juu ya ubao wa sentimita 30 kwa 40, la sivyo inazama yenyewe. Fanyeni zoezi hili nyumbani mara mbili, mkibadilishana, mama naye aendeshe. Mmoja akishikwa na homa, mwingine ndiye dereva.

Tairi likitoka kwenye rimu: inua, futa mchanga wote pande zote mbili, paka maji ya sabuni, zungushia mkanda wa kufungia mizigo katikati ya tairi ukaze. Toa pini ya ndani ya valvu ili upepo uingie kwa kasi, jaza mpaka tairi lianze kushika upepo, legeza mkanda, endelea mpaka usikie mlio wa tairi kukaa, rudisha pini, jaza hadi 18. Bebeni pini za ziada, ni ndogo kama punje na zikiangukia mchangani hamzioni tena.