Tupeane uzoefu: chanjo ya rota kwa watoto wachanga

Ndugu wazazi, naomba tupeane uzoefu kuhusu chanjo ya virusi vya rota, vinavyowaharisha sana watoto wadogo, yaani yale matone ambayo mtoto hupewa mdomoni kliniki kuanzia umri wa wiki 6. Tanzania iliiingiza katika chanjo za kawaida mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014, lakini bado wapo wanaosema kuwa kuharisha ni kuota meno tu. Mwanangu wa kwanza alizaliwa kabla ya chanjo hiyo kuwepo. Alianza kwa kutapika, ikafuata homa, kisha akaharisha majimaji hadi macho yakadidimia na akawa analia bila machozi, tukalazwa naye akitundikiwa dripu. Mdogo wake, aliyepata matone, naye aliwahi kuharisha, ila tulimuuguzia nyumbani kwa maziwa ya mama, ORS (ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji) na zinki. Najua watoto wawili si utafiti, lakini tofauti ile niliiona kwa macho yangu.

Muuguzi, Morogoro: Asante kwa kuanzisha mada hii. Akina mama wengi huniuliza kwa nini mtoto aliyechanjwa anaharisha, nami huwaeleza kwamba chanjo hii hukinga rota peke yake, wala haizuii kipindupindu au bakteria wa maji machafu, na hata kwa rota kazi yake kubwa ni kuzuia ugonjwa usifikie hatua ya kumlaza mtoto. Kunawa mikono kwa sabuni ni lazima, ila hakutoshi, kwa sababu virusi hivi hudumu kwenye mikono na vyombo, na kabla ya chanjo karibu kila mtoto duniani aliambukizwa kabla ya kutimiza miaka 5. Mara chache sana, hasa katika wiki ya kwanza baada ya dozi, utumbo wa mtoto huweza kujikunja na kuingiana. Mkiona analia kwa vipindi, anatapika mfululizo au ana damu kwenye choo, msisubiri kupambazuke, mpelekeni hospitali.

Baba wa wawili, Tanga: Kwetu mama mkwe ndiye aliyekuwa na wasiwasi, akihofia matone yangemletea mjukuu tumbo. Nilimwomba kwa heshima twende naye kliniki, akamuuliza muuguzi maswali yake yote mwenyewe, na tangu hapo yeye ndiye anayetukumbusha tarehe zilizoandikwa kwenye kadi.

Mama wa njiti, Dodoma: Wangu alizaliwa kabla ya wakati. Je, wiki hizo 6 nizihesabu tangu alipozaliwa, au tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa?

Muuguzi, Morogoro: Tangu alipozaliwa, dada yangu, mradi hali yake ni nzuri na ameruhusiwa kutoka hospitali. Nenda na kadi yake, uwaeleze historia yake yote, na usiache kumnyonyesha siku hiyo.